Anayekurahisishia hesabu ndiye anayekupangia bei

Mkopo ni shilingi 1,000,000. Rejesho ni shilingi 40,000 kila siku kwa siku 30. Maelezo ya mkopeshaji yameishia hapo, na kwa mama lishe mwenye banda lake kando ya stendi yanatosha. Anajua kwa siku anauza sahani ngapi, mchele na mafuta vinakula kiasi gani, mkaa kiasi gani, na anajua kwamba akijibana, 40,000 itapatikana. Anasaini, anapokea fedha, na kesho yake kijana wa marejesho anapita na daftari lake.

Mwulize riba ni asilimia ngapi. "Mwanangu, mimi narejesha elfu arobaini kwa siku," atakujibu, na kwake hilo ni jibu kamili. Mkopeshaji akiulizwa swali hilohilo atasema asilimia 20, na ukipiga hesabu ya haraka utaona kama anasema kweli: 40,000 mara 30 ni 1,200,000, nyongeza ni 200,000. Ila milioni ile nzima mama huyu alikaa nayo siku moja tu. Kuanzia siku ya pili ilianza kurudi ilikotoka. Katikati ya mwezi nusu yake imesharudi, na ukitafuta wastani wa siku zote 30, fedha ya mkopeshaji iliyokuwa kweli mikononi mwake ilikuwa nusu milioni na kidogo. Laki mbili juu ya nusu milioni na kidogo inakaribia asilimia 39, tena kwa mwezi mmoja. Kiwango ambacho Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, hakizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Mama wa watu amelipa zaidi ya mara kumi ya hapo na hajadanganywa hata tarakimu moja.

Hii ndiyo mikopo ambayo mtaani imepewa jina la kausha damu. Kila inapozungumzwa kwenye redio au bungeni, dawa inayotajwa kwanza ni elimu ya fedha, kana kwamba wanaokopa hawajui kuhesabu. Mimi sikubaliani na maelezo hayo. Mama lishe anahesabu tangu alfajiri mpaka jioni. Anarudisha chenji bila kalamu, anakumbuka nani amekula kwa mkopo tangu Jumatatu, anajua kilo moja ya mchele inatoa sahani ngapi, na akiona bei ya mafuta imepanda anajua apunguze wapi ili asipandishe bei ya sahani. Hesabu anayoikwepa ni ya aina moja tu: ile yenye vitu vingi vinavyobadilika kwa pamoja. Salio linapungua, siku zinasogea, kuna ada ya fomu, kuna faini ya kuchelewa, na vyote vinagusana. Hapo anaachana na hesabu nzima na kushika namba moja anayoweza kuibeba kichwani, ambayo ni 40,000 kwa siku.

Na hilo si lake peke yake. Mtumishi mwenye shahada mbili akienda benki kuongeza mkopo juu ya mkopo huwa anauliza swali moja: makato kwa mwezi yatakuwa kiasi gani? Akiambiwa makato yatabaki yaleyale na mfukoni ataondoka na milioni tatu, anasaini. Kwamba miaka ya kulipa imerudi mwanzo, kwamba bima ya mkopo imekatwa upya, kwamba riba aliyokwisha kuilipa haimsaidii kitu, hayo yamo ndani ya karatasi alizopewa na hakuzisoma. Mwenye shahada na asiye nayo wamefanya jambo lilelile kwa sababu ileile.

Mchumi wa Marekani Herbert Simon aliyaeleza haya tangu miaka ya 1950, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alisema binadamu hatafuti chaguo bora kuliko yote, maana kulitafuta kwenyewe kuna gharama: muda, akili, taarifa. Anatafuta linalotosha, na akilipata anasimama. Simon hakulisema hilo kwa dharau. Kwake ilikuwa ndiyo namna pekee ambayo kiumbe mwenye akili yenye mipaka anaweza kuishi katika dunia isiyo na mipaka, na nadhani mtu yeyote aliyewahi kuendesha nyumba kwa kipato kisichotabirika anajua kwamba alikuwa sahihi.

Jaribio la karibuni zaidi limeongeza jambo ambalo limenifikirisha sana. Mwaka 2024 Ryan Oprea, mchumi wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, alichapisha utafiti wa masanduku 100, baadhi yakiwa na fedha na mengine matupu. Katika sehemu ya kwanza ilikuwa bahati nasibu: linafunguliwa sanduku moja kwa kubahatisha, unapata kilichomo. Katika sehemu ya pili bahati imeondolewa kabisa: fedha za masanduku yote zinajumlishwa na unapewa sehemu moja ya mia, kiasi ambacho unaweza kukijua kwa hakika ukizidisha na kugawanya. Watu waliulizwa kila kimoja wanakithamini kwa kiasi gani. Makosa yakafanana. Masanduku yenye fedha yakiwa machache walithamini kupita kiasi, yakiwa mengi walithamini chini ya kiasi, hata pale ambapo hapakuwa na cha kubahatisha. Kwa miongo kadhaa wachumi walikuwa wakieleza makosa ya namna hii kwa hofu na tamaa zetu mbele ya hatari. Oprea anasema sehemu kubwa ni uzito wa hesabu yenyewe. Wapo waliompinga wakisema washiriki wengi hawakuelewa maelekezo. Kwangu pingamizi hilo linalisogeza jambo karibu zaidi na maisha ya hapa kwetu, maana mtu anayesaini fomu ya mkopo naye mara nyingi hajaelewa maelekezo, na bado anaamua, na uamuzi wake una bei.

Ninalotaka kulisema ni hili. Ugumu wa jambo hauishi kwa sababu wewe umekataa kuushika. Unahamia kwa mtu mwingine, na huyo ndiye anayeamua namba ipi uione na ipi isionekane. Kama ni mtu mnayejuana na mnayehesabiana, kurahisisha kwake ni msaada. Kama ni mtu anayefaidika na wewe kutoona, umemkabidhi kazi ya kupanga bei na bado unadhani mmekubaliana.

Mfano ninaouona wazi kuliko yote uko Mtwara na Lindi, kwenye korosho.

Mkulima wa Tandahimba au Newala anayefuata utaratibu anapeleka korosho yake chama cha msingi cha ushirika, AMCOS. Inapimwa, inapangwa daraja, anaandikiwa. Inasafirishwa kwenda ghala kuu, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ambao sheria yake ilipitishwa mwaka 2005. Inasubiri mnada. Mnada ukifanyika na bei ikikubaliwa, mnunuzi analipa, fedha inapita chama kikuu, inashuka chama cha msingi, kisha inaingia benki kwenye akaunti ya mkulima. Njiani kuna kinachoitwa mjengeko wa bei: ushuru wa halmashauri, mchango wa chama kikuu, wa chama cha msingi, usafirishaji, utunzaji ghalani, na mengine kulingana na msimu. Kila kato lina sababu yake na mengi yametajwa kwenye mwongozo. Lakini simama na mkulima siku anayopima mzigo wake, mwulize kilo moja itamletea shilingi ngapi mkononi na lini. Hawezi kukujibu, na si kosa lake, kwa kuwa siku hiyo hakuna anayeweza kumpa namba hiyo.

Sasa mtazame mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho nje ya utaratibu huo. Anakuja shambani au nyumbani, jioni, mara nyingine miezi kabla ya mavuno kipindi ambacho nyumba haina kitu na mtoto anadaiwa mahitaji ya shule. Ana fedha taslimu. Anataja bei moja kwa kilo. Tuseme anatoa 1,000 wakati mnadani mkulima angebaki na 2,000 baada ya makato yote. Hiyo ni nusu ya jasho la mtu na ni haki kuiita unyonyaji. Lakini ile 1,000 ni namba nzima. Haina makato, haina safari ya kwenda benki kuulizia kama fedha imeingia, haina kusubiri mnada wa pili kwa kuwa wa kwanza bei ilikataliwa. Mkulima analinganisha namba moja anayoiona na nyingine ambayo hata karani wa chama hawezi kumwandikia kwenye karatasi. Njaa inamsukuma, hilo halina ubishi. Ukungu pia unamsukuma, na huu wa pili tunauzungumza kidogo mno.

Serikali imepambana na kangomba kwa nguvu. Novemba 2018, baada ya wakulima kugomea bei za mnadani, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Ukaja uhakiki wa kuwatenga wa kangomba: mwenye mzigo mkubwa aonyeshe shamba lake. Nia ilieleweka. Lakini msako unamwondoa mnunuzi bila kuondoa kilichompa nafasi. Kangomba anashinda kwa sababu anatoa bei inayoeleweka mahali ambapo mfumo halali unatoa maelezo. Mfumo wenye bei nzuri na maelezo marefu utashindwa na wenye bei mbaya na neno moja, tena utashindwa mbele ya watu wenye akili timamu.

Lumbesa ni ndugu yake. Mnunuzi wa viazi au vitunguu ananunua kwa gunia, analijaza mpaka shingoni, kisha anashonea kilemba juu. Sheria ya Vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Tuseme bei ni 60,000 na gunia lina kilo 130: mkulima anayedhani ameuza kwa 600 kwa kilo ameuza kwa 461, na kilo 30 zenye thamani ya 18,000 zimeondoka bure kwa kila gunia. Mnunuzi huyohuyo akifika mjini anauza kwa kilo au kwa sado. Ananunua kwa kipimo kisichosemeka na kuuza kwa kipimo kinachosemeka. Hapa lazima niongeze jambo ambalo wachambuzi wa tabia za watu hulipita haraka: mara nyingi mkulima anajua kabisa kinachofanyika, ila gari ni moja, barabara ni mbovu, mzigo unaoza, na akidai mizani mnunuzi anahamia kwa jirani. Si kila anayeonekana kukwepa hesabu ameikwepa kwa hiari. Wengine wamenyimwa mizani.

Kwenye kuwekeza mambo yanageuka sura. Aprili 2021 serikali ya Tanzania ilileta hati fungani, yaani karatasi ya kuikopesha serikali na kulipwa riba, ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na ya miaka 20 ilikuwa inatoa asilimia 15.49. Kiwango cha chini cha kushiriki kilikuwa shilingi 1,000,000. Mwaka uliofuata viwango hivyo vilishushwa. Katika kipindi hicho nilizungumza na watu wengi wenye mishahara ya kueleweka na akiba ya kueleweka, na walio wengi waliendelea kununua viwanja. Wakieleza kwa nini, sababu ilikuwa moja: kiwanja unakiona, unakikanyaga. Hati fungani inakutaka ufungue akaunti maalumu kupitia benki au dalali, uelewe mnada, uelewe kwa nini karatasi ya shilingi 100 inauzwa 103 au 96, na uelewe itakuwaje ukitaka kutoka kabla ya muda.

Lakini kiwanja ndicho chenye mafundo mengi zaidi! Aliyekuuzia ni mmiliki peke yake au kuna ndugu wa mirathi? Ramani ya mipango miji inasemaje juu ya eneo hilo? Kimeshauzwa kwa mwingine? Mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliyegonga mhuri alikuwa na mamlaka gani? Mahakama zetu zimejaa majibu ya maswali hayo. Ugumu wa hati fungani uko mezani, umeandikwa, na unaweza kuufundishwa na mtu kwa saa moja. Ugumu wa kiwanja umelala chini ya udongo mpaka siku unapomkuta mtu amemwaga kokoto kwenye eneo lako. Tunaukimbia unaoonekana na kuukumbatia usioonekana, na tunahisi tumechagua jambo rahisi.

Kenya walijaribu kuurahisisha upande huu. Mwaka 2017 walianzisha M-Akiba, hati fungani ya kununua kwa simu kuanzia shilingi 3,000 za Kenya, riba asilimia 10 isiyotozwa kodi. Toleo la majaribio la shilingi milioni 150 lilinunuliwa lote. Walipotafuta bilioni 1 ndani ya mwaka huohuo walipata karibu robo tu. Kushusha kiingilio na kuiweka bidhaa kwenye simu hakukutosha, maana kilichokuwa kinawazuia watu si milango ya benki pekee. Mtu bado alikuwa na maswali na hapakuwa na mtu wa kumjibu kwa lugha ya fedha yake mwenyewe: nikiweka elfu kumi, lini nitapata nini, na nikizihitaji kesho itakuwaje?

Wajanja wa upatu wa piramidi ndio hujibu swali hilo vizuri kuliko wote, na jibu lao ni uongo. DECI iliwavuta Watanzania wengi kwa maneno mawili ambayo hayahitaji ufafanuzi: kupanda na kuvuna. Ulitoa fedha iliyoitwa mbegu, ukangoja mavuno makubwa kuliko mbegu. Hakuna aliyehitaji kujua shamba liko wapi. Serikali iliisimamisha mwaka 2009 na viongozi wake wakatiwa hatiani mwaka 2013. Baada yake zimekuja nyingine nyingi, siku hizi kwa simu na kwa makundi ya WhatsApp, na zote zina sifa ileile: maelezo ya namna ya kuingia ni sentensi moja, na maelezo ya namna fedha inavyozaliwa hayapo. Sitaki kuwacheka waliopoteza. Walipewa lugha iliyo wazi na watu wasio waaminifu, wakati waaminifu wanaendelea kuzungumza lugha ya ofisini.

Ukitaka kuona kurahisisha kulivyo kukiwa mikononi salama, nenda kwenye kikoba siku ya mkutano. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Linafunguliwa mbele ya wote. Hisa zinahesabiwa kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, na katibu anaandika huku wenzake wakimwangalia mkono. Anayechelewa analipa faini ambayo kila mmoja anaijua. Mkopo unaombwa mbele ya watu wanaojua kama kweli mumeo anaumwa au kama kweli unaongeza mtaji. Mwisho, kabla ya kufunga, kiasi kilichobaki kinatajwa, na mkutano unaofuata unaanza kwa kukumbushana kiasi hicho kabla sanduku halijafunguliwa. Mama asiyejua kusoma anaweza kukagua hesabu za kikoba chake kwa masikio tu.

Upatu wa kawaida ni mwepesi zaidi. Wanawake 12, kila mmoja 20,000 kwa wiki, na kila wiki mmoja anaondoka na 240,000. Hakuna riba, hakuna ada. Mtaalamu wa fedha atasema anayepokea mwisho ameikopesha pesa yake bure na mfumuko wa bei umeila, na atakuwa sahihi. Lakini atakuwa amesahau kuhesabu kitu ambacho wale wanawake wamekinunua kwa hasara hiyo ndogo: wamejua kila wakati fedha iko wapi na kwa nani. Ugumu haukutoweka hapa pia. Nani aanze, nani anaaminika kupokea mapema, tufanyeje mmoja akifiwa, yote hayo ni magumu kweli. Ila yamebaki kwa watu wanaokutana kisimani, msikitini na kanisani, watakaolazimika kutazamana usoni mwaka mzima.

Ndiyo maana nasema tatizo si kwamba watu wanapenda mambo rahisi. Waache wapende. Kazi ya serikali na ya wasimamizi ni kuhakikisha kwamba namba rahisi ambayo mtu anaishika ndiyo namba ya kweli.

Lipo jambo la kujifunza kutoka Marekani. Marianne Bertrand na Adair Morse, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliwaendea wakopaji wa mikopo ya kungojea mshahara, ambayo ni kausha damu ya kwao. Baadhi ya wakopaji walionyeshwa kwa dola, siyo kwa asilimia, ada ya mkopo inafika wapi mkopo huo ukiendelea kwa miezi. Karatasi hiyo peke yake ilipunguza ukopaji kwa takriban asilimia 11. Si muujiza, na wengi waliendelea kukopa kwa sababu shida ilikuwa palepale. Lakini hapakuwa na semina ya siku tatu wala posho. Ilikuwa namba sahihi iliyowekwa mbele ya mtu wakati sahihi.

Kwetu njia iliyozoeleka ni kinyume chake. Tangazo la redio linaimba sekunde 30 na kumalizia kwa pumzi moja: vigezo na masharti kuzingatiwa. Programu ya mkopo inakupa kurasa nyingi za masharti na kitufe kimoja cha kukubali. Kisheria umearifiwa. Ninavyoona mimi, kumwaga maelezo ambayo anayeyatoa anajua hayatasomwa ni namna ya kuficha, na msimamizi asikubali kuihesabu kuwa ni uwazi. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliwaagiza watoa huduma za fedha kwa simu waonyeshe gharama kabla mteja hajathibitisha muamala. Ilikuwa hatua nzuri. Hata hivyo gharama inaweza kuonyeshwa na bado isieleweke. M-Shwari, huduma ya Kenya ya kukopa kwa simu, ilipoanza Novemba 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Iko wazi, imeandikwa. Ila mtu anayekopa kila mwezi kwa mwaka mzima amelipa asilimia 90 ya fedha aliyokuwa akiizungusha, na neno ada halimfanyi afikirie mwaka.

Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2024 ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na mwezi Novemba ikataja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hiyo ilikuwa lazima, hasa kwa zile zilizokuwa zikiwatumia ujumbe ndugu na mabosi wa mdaiwa kumwaibisha. Sasa ishuke kwenye namba yenyewe. Kila anayekopesha, awe na ofisi au awe kwenye simu, alazimike kuonyesha jambo moja kwa maandishi makubwa kabla mtu hajasaini: kwa kila shilingi 10,000 unayokaa nayo mwezi mmoja, unalipa shilingi ngapi, kila kitu kikiwa ndani, ikikokotolewa kwa salio lililobaki. Kwa mkopo niliouanzia makala hii jibu ni karibu shilingi 3,900. Kwa anayefuata kiwango cha Benki Kuu ni 350. Namba hizo mbili zikiwekwa bega kwa bega hazihitaji mwalimu, na mkopeshaji mwenye 3,900 itambidi aeleze kwa nini.

Watakaopinga watasema namba moja haiwezi kubeba kila kitu, kwamba mikopo inatofautiana, kwamba asiye na dhamana ni hatari kubwa zaidi na lazima alipe zaidi. Yote ni kweli, na mkopeshaji ana uhuru wa kuyaeleza chini ya namba hiyo kwa kirefu apendavyo. Namba moja inapoteza mambo fulani, sawa. Lakini mteja atashika namba moja hata asipopewa hiyo, na kwa sasa anayemchagulia ni yule anayemkopesha.

Kwenye korosho inawezekana kuanza mapema zaidi, kwa kuwa makato yanajulikana kabla ya msimu na yanapitishwa kwenye vikao. Msimu unafunguliwa Oktoba. Kabla ya hapo kila AMCOS ibandike ubao mlangoni wenye mistari miwili: mnadani kilo ikiuzwa kwa bei hii, mkononi kwako itaingia kiasi hiki; na fedha itakuwa benki ndani ya siku hizi baada ya mnada. Bei zikipanda au kushuka mnada hadi mnada, ubao ufutwe na kuandikwa upya siku hiyohiyo. Na siku zilizoahidiwa zikipita bila malipo, chama kimwandikie mkulima kwa jina lake sababu na tarehe mpya, kabla hajalazimika kupanda bodaboda kwenda kuuliza.